Chumba cha Familia Kisiwe Chumba cha Giza

Ni ada ya wenye hoteli na migahawa wengi katika miji yetu ya pwani kuutumia mchana wa mwezi wa Ramadhani kwa ukarabati. Majiko yamezimwa, wateja hawaji mpaka magharibi, na mafundi hupata nafasi ya kupaka rangi, kubandika vigae na kuvuta nyaya mpya. Idi ikiingia, mlango hufunguliwa na watu huona sura mpya: dari la jipsamu lililochongwa maua, taa zilizofichwa pembezoni zenye kutoa mwanga wa zambarau, viti vya ngozi ya bandia, kioo kikubwa mbele. Familia huja kwa wingi siku hizo, baba, mama, bibi na watoto waliovaa nguo mpya, nao huelekezwa kwa adabu: "Familia, karibuni huku ndani." Huko ndani ndiko makala haya yanakotaka kuingia.

Katika hoteli nyingi nilizofika kwa shughuli za kamati yetu ya msikiti, huko ndani ni nyuma ya kaunta, baada ya kupita mlango wa jikoni na beseni la kunawia. Chumba kilikuwa stoo ya magunia ya mchele kabla ya mwenye mali kushauriwa atenge sehemu ya familia. Hakina dirisha, au kinalo lakini limezibwa kwa karatasi nyeusi. Juu kuna taa moja ya duara iliyobandikwa katikati ya dari, mwanga wake mweupe wa kibuluu kama wa chumba cha zahanati, na meza za pembeni zimeachwa katika kivuli. Feni ni ile iliyong'olewa ukumbini ilipoanza kupiga kelele. Wanaume waliokaa mbele, wao wana dirisha la barabarani, wana upepo, wana taa ya kuning'inia juu ya kila meza, na wana televisheni (ambayo, kwa kweli, watu wa nyuma hawajapungukiwa na kitu kwa kuikosa).

Sina ugomvi na kutenga sehemu ya familia. Mama aliyevaa nikabu anahitaji mahali pa kuufunua uso wake ale bila kutazamwa, na mama anayenyonyesha anahitaji kona. Nchini Saudi Arabia sheria iliwalazimisha wenye migahawa kuweka milango miwili, mmoja wa familia na mwingine wa wanaume peke yao, hadi Desemba 2019 sharti hilo lilipoondolewa na jambo likaachwa kuwa hiari ya mwenye biashara. Kwetu mambo huenda kwa hiari. Mwenye hoteli mwenyewe ndiye anayeandika mlangoni kwamba ana sehemu ya familia, kwa kuwa anajua wapo wateja wanaoitafuta. Basi ahadi ni yake, na chumba kile ni haki kipimwe kwa ahadi hiyo. Mtu aliyeambiwa kwamba ametengewa mahali pa heshima, kisha akapelekwa mahali pabaya kuliko pote katika jengo, amepewa jina la heshima na kunyimwa heshima yenyewe.

Sitara na giza ni vitu viwili

Wenye hoteli wana hoja yao, na si hoja ya kupuuzwa. Wengi wao walipoanza waliweka kiambaza cha mbao za matundu, kile kimia cha mbao ambacho Waarabu wa Misri hukiita mashrabiya. Mchana kilifaa. Usiku wateja wakalalamika kwamba wanaonekana kutoka ukumbini. Mwenye hoteli akafanya alichoweza: akapunguza taa za chumba cha familia, akabakiza moja. Malalamiko ya kuonekana yakakoma, na giza likabaki. Huo ndio mwanzo wa vyumba vingi vya namna hii, na kosa halikuwa la nia bali la kutoelewa kimia kinavyofanya kazi.

Kimia hakifichi kwa mbao zake peke yake. Hufichwa mtu na tofauti ya mwanga. Aliye upande wenye kiza humwona aliye upande wenye mwanga, na aliye kwenye mwanga hamwoni aliye gizani. Ndiyo maana bibi wa Cairo ya zamani aliweza kukaa nyuma ya mashrabiya mchana kutwa akiutazama mtaa uliojaa jua bila mpita njia kumwona. Jua likizama, mambo hugeuka. Chumba kikiwashwa taa na mtaa ukiwa na giza, kimia kilekile huwa kama pazia jepesi mbele ya fanusi: kila kivuli cha ndani huonekana nje. Katika hoteli zetu, biashara kubwa ya familia ni baada ya magharibi, yaani ni saa zile zile ambazo kimia kinahitaji msaada.

Hassan Fathy, msanifu majengo mashuhuri wa Misri aliyefariki mwaka 1989, aliyaeleza mashrabiya kwa kirefu, akahesabu kazi zake tano: kuongoza mwanga, kuongoza upepo, kupunguza joto, kuongeza unyevu hewani, na kuleta sitara. Alionyesha pia kwamba mafundi wa zamani walitofautisha matundu. Sehemu ya chini, iliyo usawa wa macho, matundu yake ni madogo na yamekaribiana. Sehemu ya juu ni makubwa, ili mwanga na hewa vipite juu ya vichwa vya waliokaa. Seremala wetu wa leo hununua mbao zilizotobolewa kwa mashine, tundu moja toka chini hadi juu, akazipigilia. Amechukua sura ya kitu na kuiacha hesabu yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Macho ya mtu mzima aliyeketi kitini huwa kiasi cha sentimita 120 kutoka sakafuni, na ya aliyesimama huwa karibu sentimita 160. Kiambaza kizima, kisicho na tundu lolote, kikipanda hadi sentimita 180, wala aliyeketi wala mhudumu anayepita na sinia hawezi kuona ndani. Kutoka hapo hadi darini ndipo pawekwe kimia chenye matundu makubwa, hewa ipite, na mwanga wa ukumbi upite. Tena si lazima sehemu ya chini iwe ya ubao mzito. Kitambaa kigumu kilichowambwa kwenye fremu kinatosha, na kitambaa kina faida nyingine nitakayoitaja.

Taa nazo ziteremke. Taa ya katikati ya dari humwaga mwanga kila upande, ukiwamo upande wa kimia. Taa yenye kifuniko, ikaning'inizwa sentimita 75 hadi 90 juu ya uso wa meza, hutupa mwanga wake kwenye chakula na kwenye mikono, kisha mwanga huo hupanda tena kwenye nyuso za walaji kwa upole iwapo meza au kitambaa chake ni cha rangi nyeupe. Kimia hubaki katika kivuli upande wa ndani. Na upande wa ukumbini, taa ndogo mbili tatu zielekezwe kwenye mbao za kimia chenyewe. Jicho la mtu wa ukumbini hukutana na mbao zilizong'aa, likashindwa kupenya kwenye matundu. Kwa njia hii chumba cha familia kinaweza kuwa na mwanga mzuri wa kulia chakula na sitara kamili, vyote kwa wakati mmoja.

Babu zetu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa hili. Nyumba kubwa za mawe za Lamu, za karne ya 18, mgeni akiingia hukuta kwanza daka, penye mabaraza ya kukalia. Kisha tekani, sebule ndogo ya ndani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu. Njia haikwenda moja kwa moja. Ilipinda, hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni ila ukuta. Sitara ililetwa na kona, wala haikuhitaji kuzima taa. Mwenye hoteli aliyechoka na pazia la mlangoni linaloshikwa na kila mkono wenye mafuta, na asimamishe ukuta mfupi mbele ya mlango wa sehemu ya familia, watu wauzunguke. Ni mita moja ya nafasi tu.

Na humo ndani kabisa mwa nyumba hizo, katika chumba cha mwisho ambako mwanga wa kiwanda ulifika kwa shida, ndiko walikoweka zidaka. Kuta zilipakwa plasta nyeupe ya chokaa, zikachongwa safu kwa safu za vishubaka, na ndani yake wakapanga sahani na mabakuli ya kauri ya China. Wengi huzieleza zidaka kama pambo la utajiri, nazo zilikuwa hivyo. Lakini mtu akiwasha taa moja ya mafuta mbele ya ukuta wa namna ile huona jambo jingine: chokaa inaurudisha mwanga, kauri inameta, na ukuta mzima unakuwa taa. Vyumba hivyo vilikuwa vyembamba, upana wake ukiamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3, na bado havikumbana mtu. Mgahawa maarufu wa El Fishawy, ulio kwenye kichochoro cha Khan el-Khalili mjini Cairo, umefanya kazi hiyohiyo kwa vioo vikubwa vyenye fremu za mbao, vinavyozidisha mwanga wa mahali palipo pembamba. Mwenye mgahawa wetu, kinyume chake, hupaka chumba cha nyuma rangi ya kahawia iliyoiva "isichafuke upesi". Ukuta mweupe huurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Wa kahawia nzito hauzidi asilimia 20. Kwa rangi hiyo amekwisha kuzima taa kadhaa kabla hajazinunua.

Taa zilizozimwa mjini Makka

Neno mkahawa, na mgahawa tunaoutamka wengi, limetoka kwenye kahawa, na historia ya nyumba za kahawa tangu awali imefungamana na taa. Kinywaji hiki kilienea kutoka Yemen katika karne ya 15, kikitumiwa na watu wa zawiya ili wakeshe usiku kwa dhikri. Abdul-Qadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu juu ya kahawa mnamo mwaka 1558, amesimulia kwamba usiku mmoja wa Juni 1511 Khair Beg, aliyekuwa muhtasib wa Makka zama za utawala wa Mamluk, aliona karibu na Msikiti Mtukufu kundi la watu waliokusanyika na taa zao. Alipowakaribia, wakazizima. Akauliza wanakunywa nini, akaambiwa ni kahawa. Aliitisha kikao cha wanazuoni na waganga, na kahawa ikapigwa marufuku mjini, ingawa amri iliyofuata kutoka Cairo haikukiharamisha kinywaji chenyewe.

Mjadala wa kifiqhi juu ya kahawa ulikwisha zamani, na si nia yangu kuufufua. Ninaloliangalia katika kisa hiki ni zile taa. Watu wale pengine hawakuwa na baya lolote, ila kuzima kwao taa kulimtosha muhtasib kuwashuku. Nyumba za kahawa zilipofika Istanbul, katika mtaa wa Tahtakale karibu na mwaka 1555, zikiletwa na wafanyabiashara wawili, Hakam wa Aleppo na Shams wa Damascus, shaka hiyo zilisafiri nayo, na Sultani Murad wa Nne alizifunga mwaka 1633. Hata leo, mzazi anapomkataza kijana wake kwenda mgahawa fulani wa usiku, sikiliza sababu anayoitoa: "Kule kuna kigizagiza." Hamjui mwenye mgahawa, wala hajaionja kahawa yake, ameihukumu taa. Na hao hao wazazi, siku ya pili ya Idi, huingizwa kwenye kigizagiza na mabinti zao kwa jina la sehemu ya familia.

Bibi na mwiba wa mwatiko

Anayeumia zaidi na mwanga mbaya ni mzee. Mboni ya jicho husinyaa kwa umri na lenzi hugeuka manjano, hata inakadiriwa kwamba mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho lake theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 waliokaa meza moja. Mjukuu akisema "panaonekana vizuri tu, bibi", hasemi uongo. Kwa macho yake panaonekana. Bibi naye ameletewa mwatiko wa kupaka, samaki mtamu mwenye miiba kuliko samaki wote ninaowajua, na anautafuta mwiba kwa ncha ya kidole kwa kuwa jicho limeshindwa. Baada ya mara mbili tatu bibi huyo huanza kuagiza wali na maharage kila akitoka, na familia hudhani amebadili ladha. Nimewasikia wazee wa msikiti wetu, wanaume na wanawake, wakisema mambo ya hoteli ni ya vijana. Sidhani kuwa ni ya vijana. Ni kwamba orodha ya vyakula imeandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya karatasi nyeusi, na imewekwa mahali penye taa ya mapambo.

Kundi jingine lisilokumbukwa ni viziwi. Wao husikiliza kwa macho, kwa kutazama midomo na mikono ya anayezungumza. Taa iliyo juu kabisa ya kichwa hutia kivuli chini ya paji la uso na chini ya ushungi, ikaufuta uso. Taa iliyo nyuma ya mzungumzaji humfanya awe kivuli kitupu. Meza inayopata mwanga kutoka pande mbili, na wenye kurudi juu kutoka kitambaa cheupe, humrudisha kiziwi katika mazungumzo ya familia yake.

Mwanga kiasi gani unatosha? Hupimwa kwa luksi, na luksi 1 ni lumeni 1 iliyoangukia juu ya mita 1 ya mraba. Kanuni za Ulaya za mwanga wa mahali pa kazi, zijulikanazo kwa namba EN 12464-1, zinataka jiko lipate luksi 500, na mgahawa wa kujihudumia luksi 200. Kwa ukumbi wa kawaida wa chakula hazitaji kiwango, zinataka tu mwanga ulingane na hali inayokusudiwa. Tuchukue 200 juu ya meza, na chumba cha mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Zinahitajika lumeni 4,000 zifike mezani. Tukikadiria kwamba nusu hupotelea kwenye kuta, dari na vifuniko, tununue lumeni 8,000. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Basi ni balbu 10, wati 90 kwa jumla. Zikiwashwa saa sita kila usiku, hula kiasi cha nusu yuniti ya umeme. Kiyoyozi kidogo cha chumba, kikiwa kinafanya kazi, huvuta takriban kilowati 1, zaidi ya mara kumi ya taa zote hizo. Mwenye hoteli asemaye kwamba ameacha balbu moja ili kuokoa luku na atazame kiyoyozi chake kwanza.

Rangi ya mwanga ni jambo la kuchaguliwa dukani, kwenye boksi. Imeandikwa kwa kelvini. Mwanga wa 2,700 una manjano ya upole, unakaribia ule wa balbu za zamani. 4,000 ni mweupe wa kati. 6,500 ni wa kibuluu kama anga ya mchana. Maduka yetu yamejaa 6,500, na mafundi huipenda kwa kuwa inaonekana kali. Ifaayo kwa jiko haifai kwa meza. Pilau chini ya mwanga huo huonekana la jana, na ngozi zetu nyeusi hupata kijivu. Kwa migahawa ya wazi, kama meza za jioni pale Forodhani Unguja, mwanga wa manjano una faida ya ziada, kwa kuwa huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wa kibuluu.

Kwenye boksi hilohilo kuna alama nyingine, Ra au CRI, inayoonyesha taa inavyozionyesha rangi kwa ukweli. Kikomo ni 100. Isiwe chini ya 80, na panapoliwa samaki na nyama, 90 ni bora. Hapa pana suala la uaminifu pia. Wauza nyama katika nchi nyingi hutumia taa zenye wekundu ili nyama iliyolala ionekane mbichi. China ilipiga marufuku taa za kudanganya namna hiyo kwenye maduka ya vyakula kuanzia Desemba 1, 2023. Watoto wa madrasa wanakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea muuzaji. Sioni tofauti kubwa kati ya nafaka kavu iliyofunika ile iliyolowa na balbu nyekundu iliyofunika rangi ya nyama kwenye kabati la kioo la mlangoni.

Taa rahisi mno zina kasoro ya kupepesa, mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50. Jicho halioni, lakini wapo wanaopata kichwa kuuma wasijue kwa nini. Elekeza kamera ya simu kwenye taa: ukiona mistari myeusi ikitembea, taa hiyo irudishwe dukani.

Kuhusu zile taa za zambarau na buluu zinazozunguka dari, maoni yangu ni makali kidogo. Zimewekwa kwa ajili ya picha za simu. Kijana hupiga picha, huituma, na mgahawa hupata sifa kwa muda. Ila hakuna chakula chochote cha Kiswahili kinachopendeza chini ya mwanga wa buluu, si biriani, si mchuzi wa nazi, si hata maandazi. Zikiwa lazima ziwepo, ziwe na swichi yake, na izimwe chakula kikifika.

Nilisema kitambaa kina faida nyingine. Vigae sakafuni, jipsamu juu, kioo mbele na meza za marumaru ni vitu vigumu vinavyorudisha sauti. Chumba kidogo chenye familia nne na watoto kumi hugeuka kengele, na kila mtu hupaza sauti ili asikike juu ya sauti aliyoipaza mwenzake. Kiambaza cha kitambaa, mkeka uliotundikwa ukutani, mapazia mazito, mito kwenye viti: vyote humeza kelele. Mikeka ya ukindu inasukwa Pemba na Unguja, inauzwa kwa bei ya kawaida, na ukutani inapendeza kuliko picha za maporomoko ya maji zilizochapishwa kwenye plastiki.

Beseni la kunawia la sehemu ya familia liwe upande huohuo wa familia. Haina maana mama kujisitiri kwa chakula kizima kisha akavuka ukumbi wa wanaume mikono ikidondosha mchuzi, na mtoto begani. Mahali pa kutawadha papatikane na taa, kwa kuwa sakafu iliyolowa gizani imewavunja wazee nyonga.

Kwa wenye migahawa watakaofanya ukarabati mwaka huu, ninalo ombi. Nyaya zikishavutwa na kabla fundi hajaziba kuta, mwenye mgahawa amlete mama yake, au mkewe, au shangazi aliyevuka miaka 60, baada ya swala ya isha. Wamkalishe kila kiti cha chumba cha familia, kimoja baada ya kingine, na gazeti mkononi na taa za majaribio zikiwaka. Mtu mwingine asimame ukumbini aseme anamwona au hamwoni. Kiti kisichosomeka gazeti, taa yake isogezwe usiku huohuo, wakati waya ungali unaning'inia. Ukishafunikwa kwa plasta, kuuhamisha kutoka katikati ya dari hadi juu ya meza ni kuvunja upya, na hakuna mwenye hoteli anayevunja ukuta wiki ya Idi.